Mberi wa Machimboni

Msumari hakuitwa hivyo kwa sababu ya ukali. Ukali alikuwa nao tangu utotoni na hakuna aliyeona haja ya kuutafutia jina. Aliitwa Msumari kwa sababu alikuwa fundi viatu, binti wa fundi viatu, na kama baba yake alifanya kazi huku amebana misumari midogo mitano au sita midomoni. Aliongea nayo, alicheka nayo, aligombana na wateja nayo, na katika miaka thelathini na minne hakuwahi kumeza hata mmoja. Wateja walishayazoea maneno yake yanayopita pembeni mwa mdomo, kama mtu anavyoizoea redio yenye mikwaruzo. Walichokiogopa ni pale alipoitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, na kuipanga mezani. Hapo kila aliyesimama dirishani alijua kuna mtu atapewa maneno yake kamili.

Siku aliyorudi kutoka kwa binti yake hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni, na hilo ndilo lililozidisha ubaya.

Alikuwa ameondoka wiki tatu. Binti alijifungua mtoto wa kwanza, mama akaenda kumshika mkono: kupika, kufua, kuangalia kitovu cha mtoto mpaka kikauke na kudondoka. Ufunguo wa uwanja wa nyuma alimwachia mdogo wake, aliyeishi upande wa pili wa waya. Nyumba ilikuwa ya baba yao, imegawanywa katikati. Uwanja nao ukagawanywa kwa waya uliofungwa kwenye nguzo saba. Agizo lilikuwa jepesi.

"Mwagilia jioni. Usiguse kingine."

"Dada, mimi ni mtu wa kuambiwa mara mbili?"

"Mara tatu. Usiguse kingine."

Mdogo mtu alikuwa karani wa ghala la saruji, lakini mtaani walimwita Bwana Semina. Sebuleni kwake vilining'inia vyeti kumi na kimoja vyenye fremu: ufugaji wa nyuki, ufugaji wa kuku, kutengeneza sabuni, huduma ya kwanza, uongozi bora. Nyuki hakuwa nao, kuku hakuwa naye, na sabuni alinunua dukani kama sisi sote. Cheti cha kumi na moja, kipya kabisa, kilikuwa cha kilimo cha matunda, semina ya siku tatu pamoja na chakula cha mchana.

Na uwanja wa nyuma wa dada yake ulikuwa na matunda.

Hadithi ya matunda hayo ilianzia kwenye soli. Fundi viatu husoma soli kama daktari anavyosoma ulimi. Anajua nani anaburuta mguu na nani anapita njia za mkato kwenye majani. Miaka kumi na miwili nyuma, mpima ardhi mmoja alimletea buti linalovuja. Msumari alichomoa humo mwiba ambao hakuwahi kuuona: mfupi, mpana kwenye kitako, umepinda kama kucha ya paka, wekundu chini na umanjano kwenye ncha.

"Ulikanyaga wapi huu?"

"Kule juu ya machimbo ya kokoto. Kuna vichaka vya laana. Vimenichania suruali ya sherehe."

"Vina matunda?"

"Fundi, mimi nilikwenda kupima. Sikwenda kuchuma."

Jumapili yake alipanda huko na glavu za ngozi alizozishona mwenyewe. Akakuta si kichaka kimoja bali ukoo mzima uliogombana. Wa kwanza ulisimama wima, fito zake mviringo zimepakwa weupe kama unga, na jani ukiligeuza lilikuwa jeupe chini. Tunda lake ukilivuta lilitoka likiwa na tundu, kiini kimebaki kwenye mti, ukaweza kulivaa kidoleni kama subana ya fundi cherehani. Wa pili ulitambaa chini kama mtu anayekwepa deni, matunda yake machache, punje kubwa, na juu yake vumbi la samawati linalofutika kwa kidole. Wa tatu ndio wenye kucha za paka. Fito zake ziliinuka kisha zikainama kama upinde, na ukizipapasa hazikuwa mviringo: zilikuwa na pembe tano, kila pembe na safu yake ya miiba. Tunda lake lilitoka na kiini chake, unakula vyote pamoja. Katika vitabu wote hao ni beri za mwitu. Watu wa machimboni walisema tu miiba.

Alionja vichaka vya aina hiyo ya tatu kimoja kimoja, mchana kutwa, mpaka meno yakawa meusi. Vingi vilikuwa vikali, mbegu nyingi, utamu kidogo. Kimoja tu, ukingoni kabisa mwa shimo, kilikuwa na beri ndefu kama kifundo cha kidole gumba, tamu hadi ndani ya kiini, na kilizaa wakati vingine vimeshamaliza. Alichimba mzizi wake mmoja, akaufunga kwenye gunia bichi, akarudi nao. Aliupanda kwenye kona, karibu na nguzo ya saba. Miche ya zile aina mbili za kwanza, aliyoichimba pamoja na fito zake, aliichanganya kwenye mistari minne. Huo wa kona aliuita Wa Machimboni, kana kwamba ni ndugu aliyekuja kutoka huko na hana kwingine pa kwenda.

Na kweli hakuwa na kwingine. Mwaka wa nne machimbo yalikula ukingo ule kwa baruti, na mwaka wa tisa yakala kilima.

Kuna jambo moja kuhusu mwaka wa kwanza ambalo Msumari hakumwambia mtu. Mberi, yaani mti wa beri, una tabia ya kudanganya macho. Ufito unaoota mwaka huu hauzai. Unakua tu, kijani, mvivu, umejaa majani. Mwaka wa pili ufito huo huo unatoa maua, unazaa, unageuka kahawia na kufa. Huku chini mizizi imeshatuma fito nyingine za kijani zisubiri zamu yao. Msumari baadaye alikuwa akilisema kwa kifupi: wa kwanza hukua, wa pili huzaa, wa tatu hayupo. Lakini mwaka ule wa kwanza hakujua. Aliona fito za kahawia zilizozaa, akaziheshimu. Aliona za kijani zisizozaa, akaziita wanyonyaji, akazifyeka zote kwa kisu cha ngozi. Mwaka uliofuata hakupata hata beri ya kuonja. Aligundua kosa lake, akalirekebisha kimyakimya, akanyamaza. Fundi hatangazi viatu alivyovishona kushoto na kulia vikawa mguu mmoja.

Basi siku aliyorudi, aliweka begi mlangoni, akapita moja kwa moja nyuma kabla hata ya kunywa maji.

Mistari minne ilikuwa safi. Ilikuwa safi kama kichwa cha mtu aliyetoka kunyolewa. Kila ufito wa kijani ulikuwa umekatwa usawa wa ardhi, na vikonyo vyake vyeupe vilianza kukauka. Zilibaki fito za kahawia tu, zilizokwisha kuzaa, zimefungwa kwa kamba mpya ya nailoni, mafundo mazuri. Maiti zilizovishwa mikanda.

Mdogo wake alitokea kwenye waya, amevaa fulana ya semina.

"Dada, karibu. Mjukuu hajambo?"

"Nani amefanya hivi?"

"Tumekupogolea. Nilikuwa na wageni ishirini na wawili, kikundi kizima. Tulihitaji shamba la mfano, nikasema dada yangu hana neno. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona usafi kama huu."

"Nimeuliza nani."

"Mimi niliongoza. Wao walikata."

Msumari alitembea hadi kona. Kwenye nguzo ya saba palikuwa na udongo uliokanyagwa, tambarare.

"Wa Machimboni uko wapi?"

"Upi?"

"Wa kona."

"Ah, ule. Ule ulikuwa umekufa, dada. Tulipotoa mabichi vilibaki vijiti tu. Tukaung'oa ili wageni wapate njia."

"Mkaupeleka wapi?"

Macho ya Bwana Semina yalijibu. Yalikwenda kwenye mafiga matatu kando ya ukuta na duara jeusi la majivu katikati.

"Mlichoma."

"Watu ishirini na wawili, dada. Walihitaji chai."

Mtaa wa nyuma bado unayakumbuka maneno yaliyofuata, na si yote yanafaa kuandikwa. Lile lililodumu lilikuwa la mwisho, nalo alilisema kwa sauti ya chini.

"Machimbo yalikula kilima kizima kwa baruti, mimi nikatoka na kichaka kimoja. Wewe umekimaliza kwa birika la chai."

"Dada, ni miiba tu. Nitakutafutia miche iliyoboreshwa, isiyo na miiba kabisa—"

"Usinitafutie kitu. Usinisalimie. Ukipita dirishani, pita kama upepo."

Akaingia ndani. Kwa miezi mitatu hawakuzungumza.

Waliosema hasira hasara hawakuwahi kuwa na bustani, au hawakuwahi kuwa na mdogo wao. Msumari aliitumia hasira yake kama mkaa. Alipigilia visigino kwa misumari minane palipotosha minne. Alishona buti la mlinzi wa benki kwa uzi wa mara mbili, akarudia mara ya tatu, mpaka mlinzi akalalamika kwamba limekuwa zito kama la mfungwa. Viatu vya miezi ile havijafumuka hadi leo, na watani walisema hasira za Msumari zina dhamana ya miaka kumi.

Mistari minne hakuihofia. Alijua mizizi ipo, itatuma fito upya, mwaka mmoja umepotea na mwaka mmoja si kifo. Alizikata maiti zote za kahawia na kuzitoa. Kilichomnyima raha ni kona. Alichimba kwa mikono, akachekecha udongo kwenye chujio la jikoni akitafuta kipande cha mzizi. Wageni wale ishirini na wawili walikuwa wavivu wa kufikiri lakini hodari wa kuchimba. Waliingia hadi kiunoni. Mvua ya kwanza iliponyesha kilichomoza chipukizi cha kijani. Alikiwekea mawe pembeni, akakisimamia siku tisa. Kilikuwa magugu.

Akapanda machimboni. Alikuta geti, na nyuma ya geti shimo lenye maji ya rangi ya saruji.

"Nilikuwa natafuta kilima," alimwambia mlinzi.

"Mama, umechelewa. Kilima kimeshakuwa barabara."

Alishuka akiwa na hasira na barabara zote.

Lakini hasira iliyomkaa kooni, ile isiyotemeka, ilikuwa juu yake mwenyewe. Mberi hauhitaji mbegu. Ufito unapoinama, ncha yake hugusa ardhi, hunywea na kuwa nyembamba kama mkia wa panya, halafu huingia udongoni na kutoa mizizi. Ndivyo unavyotembea, hatua kwa hatua, bila kuomba ruhusa. Angeweza kuwa na miche mia ya Wa Machimboni. Kwa miaka kumi na miwili alizikata ncha zake zote kabla hazijagusa chini, kwa sababu alitaka uwe mmoja na uwe wake. Mwalimu jirani aliomba akanyimwa. Mke wa daktari aliomba akanyimwa kwa adabu. Na mwaka wa tano mdogo wake alisimama kwenye waya akasema, "Dada, nipe ncha moja na mimi nipande," naye, misumari midomoni, akamjibu, "Wewe? Wewe utauua."

Aliyemnyima mche ndiye aliyemwachia ufunguo. Akili hiyo aliitoa wapi, hata yeye hakujua.

Wakati wa jua kali, asubuhi moja, wifi yake alikuja dirishani. Alikuwa mke wa Bwana Semina, mwanamke mpole wa maneno machache, na mkononi alishika kandambili moja iliyofungwa kwenye gazeti kama samaki.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Mimi sikuja kwa ajili yenu. Nimekuja kwa ajili ya kandambili. Kuna kitu kinanichoma tangu juzi, lakini siwezi kukiona."

"Kandambili hutupwa, hairekebishwi."

"Ni ya mwezi jana, wifi. Nitupe mpya?"

Msumari alisukuma koleo kando, akapapasa mpira kwa kidole gumba, akapata kichwa cha kitu. Akavuta. Akakiweka kiganjani kwenye mwanga wa dirisha.

Mfupi, mpana kwenye kitako, umepinda kama kucha ya paka.

Wazo la kwanza lilikuwa la kawaida: siku ile walitapanya takataka hadi upande wa pili, huu ni mabaki. Lakini mwiba uliokauka huwa wa kijivu na ukiubana unavunjika. Huu aliubana kwa ukucha nao ukapinda. Kitako chake kilikuwa chekundu bado, na palipong'oka palikuwa na ubichi. Akaunusa. Na miiba ya mistari yake minne aliijua kama meno yake: myembamba, kijani mpaka chini. Wenye kitako chekundu hivi ulikuwa mmoja.

Akaitema misumari. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Wifi alirudi nyuma hatua moja.

"Wifi, nimekosa nini?"

"Ulipita wapi juzi?"

"Popote. Sokoni. Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Nilikwenda kuanua nguo zilizopeperuka."

Msumari alifunga dirisha mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika baba yake, akamfuata wifi yake hadi upande wa pili. Hakuwa amekanyaga huko tangu ugomvi. Nyuma ya tangi, kati ya ukuta na waya, palikuwa na kichochoro cha upana wa mtu mmoja, kimejaa matairi, mabati yaliyopinda na ndoo isiyo na kitako. Tangi lilikuwa linavuja tone kwa tone, na pale pekee ardhi ilikuwa nyeusi.

Ulikuwa pale. Fito mbili za kijani, kila moja ndefu kuliko mkono, zimelalia tairi. Aliupapasa mmoja bila glavu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akageuza jani, akatazama kitako cha miiba. Kisha akafuata shina chini kwa kidole, akakuta ufito wa tatu, mkavu, wa kahawia, uliopita chini ya waya kutoka kwenye kona yake na kuishia hapo ulipozama. Ncha moja ilikuwa imemponyoka. Mwaka jana, chini ya majani, ilipenya chini ya waya na kutembea hadi kwenye tone la maji. Ufito ule mfu ulikuwa umeukamata mche bado, kama kitovu ambacho hakuna aliyekikata.

Alikaa chini kwenye matope. Hakulia. Alikuwa mtu wa hasira, na hata furaha ilimjia kwa njia hiyo hiyo: taya zimebana.

"Dada."

Bwana Semina alikuwa amesimama mdomoni mwa kichochoro, na kalamu ya ghala bado sikioni. Mkewe nyuma yake alijitia kukunja nguo.

"Huu ni Wa Machimboni," Msumari alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mdogo wake kwa miezi mitatu.

"Ninaona."

"Huoni. Ungekuwa unaona usingeuchoma. Niletee jembe."

"Uko upande wangu."

Akageuka taratibu. "Umesemaje?"

"Nimesema uko upande wangu. Mwaka ule niliomba ncha moja ukaninyima mbele ya mke wangu. Sasa imekuja yenyewe, kwa miguu yake. Ni wangu."

"Wako ili uufanye nini? Uuchemshie chai?"

"Nitaupanda. Nitaupogoa."

"Utaupogoa." Aliinuka, matope hadi magotini. "Hebu nieleze, mtaalamu. Ni nani aliyekufundisha kwamba mabichi ndiyo yanayokatwa? Ni semina gani hiyo? Nitajie jina la mwalimu, nimfuate nikampigilie msumari."

"Semina haikufika huko. Siku ya kupogoa mvua ilinyesha, tukapewa vyeti mapema."

"Basi ni nani?"

"Ni wewe."

Nguo hazikukunjwa tena.

"Mwaka wa kwanza," alisema Bwana Semina. "Nilikuwa nimesimama hapo kwenye waya. Ulikuwa na kisu cha ngozi. Ulikata mabichi yote, ukaacha ya kahawia, ukasema peke yako, 'wanyonyaji hawa'. Nikakuuliza, nikusaidie? Ukaniambia ondoka, hii si kazi ya watoto. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, dada. Nikaondoka. Lakini nilikuwa nimeona. Nikasema, siku moja na mimi nitafanya kama alivyofanya."

Msumari aligusa kisu kile cha ngozi, bado kimo mfukoni mwa aproni yake.

"Wale ishirini na wawili niliwaambia hivyo hivyo," aliendelea mdogo wake, na sauti yake sasa ilikuwa imeanza kupanda, kwani hasira haikuwa mali ya dada peke yake katika nyumba ile. "Niliwaambia, hii ni njia ya dada yangu, ana miaka kumi na miwili kwenye miiba. Nilijivunia wewe. Ukarudi ukanitukana mpaka mwenye duka akazima redio asikilize."

Tone lilianguka kutoka kwenye tangi. Likaanguka jingine.

Angeweza kusema alikosea. Lilikuwa neno moja tu, nalo lilimkwama palepale hasira ilipokuwa imekaa. Miaka kumi na moja alilificha kosa lake kama kiatu kilichoharibika, nalo lilikuwa limekaa upande wa pili wa waya, likitunzwa vizuri, likingojea kupewa wageni. Alimchukia mdogo wake kwa kuona. Alijichukia kwa kunyamaza. Na mche ulikuwa katikati yao, nao usingeweza kuhama: jua lilikuwa kali, na mberi ukichimbuliwa kwenye jua kama lile hunyauka kabla hujafika mlangoni. Mpaka mvua zijazo ungekaa nyuma ya tangi la Bwana Semina, unywe maji ya Bwana Semina, na mtu wa kuupitia kila siku angepaswa kupita kwenye mlango wa Bwana Semina.

Alilijua hilo kabla hajaliomba jembe. Hasira tu ndiyo iliyoomba.

"Wifi," alisema hatimaye, "nipe makopo mawili. Ya rangi, ya maziwa, yoyote."

Wifi alileta. Msumari aliyatoboa chini kwa sindano yake nene ya ngozi, akajaza udongo mweusi wa chini ya tone, akayakalisha kila moja karibu na ncha ya ufito. Ncha zilikuwa tayari zimenywea, majani madogo yamejikunja, mikia ya panya hasa. Aliinamisha wa kwanza, akaizamisha ncha kwenye kopo kina cha kidole, akaweka jiwe juu. Akafanya hivyo kwa wa pili.

"Hili la kulia linakuja kwangu mvua zikinyesha," alisema bila kumtazama. "La kushoto linabaki."

"Linabaki kwa nani?"

"Usinilazimishe kulisema."

Mfukoni mwa aproni alikuwa na uzi mwekundu wa kushonea. Alikata vipande viwili, akavifunga kwenye fito za kijani, fundo la fundi viatu, lisilofunguka kwa bahati mbaya.

"Njoo hapa. Inama. Shika huu."

Bwana Semina aliinama, kalamu ikadondoka kwenye matope.

"Hesabu pembe."

"Nimeona, ziko—"

"Sikusema uone. Hesabu. Funga macho."

Alifumba macho, akapitisha kidole gumba kuzunguka ufito. "Moja. Mbili. Tatu..." Kwenye ya nne mwiba ulimwingia. Alivuta pumzi kwa meno.

Msumari hakumwambia pole.

"Nne," alisema mdogo wake. "Tano."

"Huu ni wa mwaka huu. Hauzai. Ukiukata, umekata mwaka ujao. Wenye uzi mwekundu haukatwi hata akija mwenyekiti na wageni mia." Alitoa kisu cha ngozi, akakigeuza, akampa mpini. Kisha akaonyesha ufito mfu uliotoka chini ya waya. "Huu je?"

Mdogo wake alifumbua macho. Alitazama kahawia, akatazama kijani, akaurudia wa kahawia. Mkono wake ulikwenda, ukasita, macho yakamtazama dada yake.

"Ulizaa kwako," alisema polepole. "Umemaliza."

"Basi?"

Akaukata. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kijiti cha kiberiti.

Msumari alichukua kisu chake, akakifuta kwenye aproni, akapita katikati ya mdogo wake na matairi bila kumsukuma wala kumpisha. Mlangoni alimrudishia wifi yake kandambili. Kesho yake, saa moja asubuhi, alisikika akipiga hodi upande wa pili. Bwana Semina alifungua mwenyewe, kidole gumba kimefungwa plasta.

"Dada, umeamkaje?"

Misumari sita ilikuwa midomoni, imebanwa kwa nguvu. Akampita, akaenda zake nyuma ya tangi.